Wanasema napenda mawe kuliko watu



Mimi ni binti, kitinda mimba kwa marehemu baba yangu. Tupo watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Mama alitangulia kabla ya baba. Naishi Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika nyumba ya ghorofa mbili aliyoinunua babu yetu kabla ya Mapinduzi. Naishi na shangazi yetu, dada yake baba, aliyepindukia miaka themanini. Baba na yeye walikuwa wawili tu kwa wazazi wao.

Masika iliyopita upepo uling'oa mabati matatu. Tangu siku hiyo tunatega ndoo, na ukuta wa ngazi umeanza kufura. Kaka yangu mkubwa, aliyeko Muscat, amepata mnunuzi anayetaka kujenga hoteli ya ghorofa nne. Bei anayoitaja ni nzuri, lakini anataka kiwanja kitupu. Kwa hiyo kaka anasema tusiyarudishe mabati. Tuiache masika mbili, tatu, nyumba itaanguka yenyewe, na ikishaanguka hakuna wa kutuzuia. Dada yangu wa Dar es Salaam anamuunga mkono. Mumewe ni mgonjwa wa figo, anasafishwa damu kila wiki, na fedha zimewaishia. Simlaumu. Wote wameniambia nisimwambie shangazi mpaka mambo yakamilike.

Nilipokataa, kaka aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mimi napenda mawe kuliko watu. Sijalala vizuri tangu hapo. Je, ni kweli nawazuilia ndugu zangu haki yao? Na kama nyumba inaweza kuokolewa, mwalimu wa skuli ya msingi kama mimi ataanzia wapi?

Mtoto wa Mwisho, Mkunazini

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye yale mabati. Mirathi inaweza kungoja mwezi mmoja. Kaka yako anaweza kungoja, na mnunuzi akitaka kweli atangoja. Maji hayangoji. Basi kabla sijagusa swali linalokukosesha usingizi, nakuomba wiki hii uende ofisi za Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, ueleze kwamba paa linavuja na unataka kurudisha mabati yaliyong'oka. Waeleze kwa mdomo na uwaachie barua, nakala ubaki nayo. Kisha umtafute fundi aliyezoea mapaa ya mjini humo, azibe. Kama fedha ya mabati haijapatikana, afunike kwa turubai zito na alifunge barabara. Usingoje ndugu wakubaliane. Kuziba paa hakumnyimi mtu fungu lake.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hudhani nyumba hizi zinakufa kwa uzee. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuuhamishia utawala wake Unguja kutoka Muscat, na zimesimama mpaka leo zilipotunzwa. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa udongo na chokaa, una upana wa nusu mita au zaidi. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Ukitaka kujua kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, sababu ni hizo boriti: hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaobeba dari yake. Vichwa vya boriti vimezamishwa ukutani. Maji yakiingia kwa juu hushuka ndani ya ukuta, huuosha ule udongo ulioshika mawe, mpaka yakafika vichwa vya boriti vilipozama. Hapo ndipo nyumba inapougua. Boriti inaoza mahali ambapo jicho halifiki. Ukitazama dari unaiona nzima, kumbe kichwa chake huko ndani kimeshakuwa unga. Na boriti hizo ndizo zinazoushika ukuta usiende mbele wala nyuma. Zikiachia, ukuta unabaki peke yake, nao huanza kufura kama huo wa ngazi yenu.

Mafundi wa kale waliyafanya mapaa haya tambarare, sakafu nzito ya chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Mvua za Unguja zikawashinda, ndipo watu wakaja kuyafunika kwa mabati. Kwa hiyo usilidharau bati kwa kuwa ni kitu cha dukani. Kwa nyumba yenu bati ndilo linaloyafanya mengine yote yaendelee kuwepo.

Acha nikusimulie la kwetu, kwa sababu silizungumzi hili kwa kusikia. Nyumba ya babu yangu mzaa mama ilikuwa Malindi, humo humo Mji Mkongwe. Nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, saruji ilikuwa adimu nchini, na niliipata mifuko minane kwa kuhangaika miezi. Tulikwangua chokaa ya zamani ukuta mzima wa chini, tukapiga plasta ya saruji. Bibi alifurahi, akaupapasa ukuta ule kwa kiganja kama anayepapasa kitambaa kipya. Hatukujua kwamba ukuta wa matumbawe una unyevu unaopanda kutoka ardhini, na una chumvi, na kwamba chokaa ndiyo inayoruhusu unyevu ule kutoka na kukauka. Saruji iliuzibia njia. Ukapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, ukazikuta boriti. Masika ya sita sakafu ya chumba cha bibi ilishuka usiku. Alhamdulillahi, usiku ule alikuwa amelala sebuleni. Leo pale ni gofu, vijana wanaegesha vespa zao, na mimi nikipita njia ile hugeuza uso. Nyumba ile niliiua kwa mshahara wangu wa kwanza na kwa nia njema kabisa. Basi fundi atakayekuja kwenu kuuziba ukuta wa ngazi kwa saruji, mwambie hapana. Ukuta ule unahitaji chokaa, na unahitaji mtu anayejua kuitumia. Wakati ukingoja, utiwe miega.

Sasa nije kwenye usingizi wako.

Kaka yako ameyafunga mambo mawili kwa kamba moja, nawe umeyapokea yakiwa yamefungwa. Jambo la kwanza ni haki ya kila mrithi kupata fungu lake. Hilo ameliamuru Mwenyezi Mungu, na huna ruhusa ya kulizuia hata kwa mapenzi makubwa kiasi gani ya nyumba. Akitaka kuuza fungu lake, ni lake. Na hapa nikwambie ukweli ambao huenda hukuutarajia kutoka kwangu: wewe unaishi humo bila kodi, wenzako hawajapata hata shilingi kutoka nyumba ya baba yao. Huenda wewe huoni kama ni faida, kwa kuwa ndiwe unayetega ndoo na kumuuguza mzee. Lakini aliyeko mbali hazioni ndoo. Anaona kwamba mmoja wetu ana pa kukaa mjini na sisi hatuna kitu. Mpaka ulikubali hilo kwa mdomo wako mbele yao, kila neno lako la kuitetea nyumba watalisikia kama neno la mtu anayetetea chumba chake.

Jambo la pili ni kuivunja. Hilo hana haki nalo yeye, wala wewe, wala nyote watano mkikubaliana. Mji Mkongwe una Mamlaka yake tangu 1985, una sheria yake ya hifadhi tangu 1994, na ikaja nyengine 2010. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba ndani ya mipaka yake inauzwa, inarithiwa, inakodishwa. Haivunjwi wala haiongezwi ghorofa bila kibali. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kuikataza isivunjwe ni kuwanyima warithi haki yao, mjibu kwa upole kwamba haki ya kuuza ipo pale pale, na ile ya kuvunja hamkuirithi. Hata babu hakuwaachia.

Muulize pia kaka yako swali moja la biashara. Huyo mnunuzi yuko tayari kulipa bei yote leo, nyumba ikiwa imesimama, kibali kikiwa bado hakijatoka? Akisema ndiyo, basi mna mnunuzi, na mengine mtayazungumza. Akisema hapana, naomba kaka yako aitazame hesabu ile kwa utulivu. Ninyi ndio mtakaoiacha nyumba ioze. Ninyi ndio mtakaoulizwa na Mamlaka, na jirani ambaye ukuta wake umeegemea wenu. Ninyi ndio mtakaobeba dhambi kama jiwe litamwangukia mpita njia kwenye kichochoro. Yeye atakaa pembeni angoje kuona kibali cha ghorofa nne za zege kimetoka au hakikutoka. Kisipotoka ataondoka na fedha yake, nanyi mtabaki na gofu. Sijaona bado familia iliyopata bei nzuri kwa gofu.

Najua atakachojibu: mbona wengine wamejenga? Ni kweli. Ujenzi wa hoteli pale Mambo Msiige, Shangani, ulilalamikiwa sana, ukajadiliwa mpaka kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia, na hoteli ikafunguliwa. Jambo lile liliwaumiza wengi wanaoupenda mji, na baya zaidi, liliwafundisha watu kwamba sheria ni ya wanyonge. Sitakuficha hilo. Lakini kaka yako asiijenge riziki ya ndugu watano juu ya tamaa kwamba nanyi mtapendelewa. Na hadhi ya mji nayo hupotea. Liverpool, kule Uingereza, ilifutwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya yaliyopandishwa kando ya bandari yake ya kale. Mji Mkongwe ukifika huko, hoteli za kwenu zitakuwa zinawaalika wageni kuja kuona nini?

Nije sasa kwenye jambo ambalo umeliandika ukalipita haraka. Umesema nyumba aliinunua babu. Hukusema kama mirathi ya babu iligawiwa.

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe ninazozijua, haikugawiwa. Babu alifariki, watoto wakaendelea kukaa, mtoto wa kiume akawa msemaji wa nyumba, majirani wakaizoea kwa jina lake, na wajukuu wakakua wakijua kuwa ni nyumba ya baba. Ikiwa na kwenu ndivyo, basi baba yenu hakuwa na nyumba nzima ya kuwarithisha. Alikuwa na fungu. Kama warithi wa babu waliobaki walikuwa yeye na dada yake tu, kama ulivyoeleza, basi baba yenu ana mafungu mawili na shangazi yenu moja. Yaani theluthi ya nyumba hiyo ni ya shangazi, na imekuwa yake siku zote hizi. Igawe nyumba mafungu 21 uone: saba ya shangazi, manne manne ya kaka zako wawili, mawili mawili ya nyinyi mabinti watatu. Jumlisha. Mwenye fungu kubwa kuliko kila mtu ndani ya nyumba hiyo ni yule mnayeambiana afichwe.

Hesabu yangu isiwe hukumu. Karatasi ndizo zitakazosema, na kadhi ndiye atakayethibitisha. Huenda babu aliacha wosia. Huenda aliiweka nyumba wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi, na katika Mji Mkongwe nyumba za wakfu si chache. Ndiyo maana, baada ya paa, safari yako ya pili ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kuuliza kama nyumba hiyo imo katika vitabu vyao na kama mirathi ya babu na ya baba iliwahi kupita kwao. Ikiwa haikupita, omba igawiwe rasmi. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi za mjini zilichukuliwa na serikali, na nyengine zilibaki kwa wenyewe huku karatasi zake zikipotea, kwa hiyo usishangae ukiambiwa rudi kesho, rudi wiki ijayo. Rudi. Wewe ni mwalimu, una uvumilivu wa kumfundisha mtoto herufi moja kwa mwezi mzima.

Mafungu yakishajulikana, utaona kwamba hata shida ya dada yako inapata sura nyengine. Yeye anahitaji fedha sasa. Mpango wa kaka yenu unamwambia angoje masika tatu, kisha angoje kibali, kisha angoje malipo. Kwa mgonjwa wa figo, masika tatu ni umri. Kama fungu lake ni mawili katika 21, wenzake mnaweza kulithaminisha na kulinunua nyinyi, mkawa mnampelekea kila mwezi, kila mmoja kwa uwezo wake, mpaka litimie. Sheria ya Kiislamu ina kitu kinaitwa shufaa: mshirika katika mali isiyogawanyika ana haki ya kulichukua fungu la mwenzake linalouzwa kwa mgeni, kwa bei ile ile. Muulizeni kadhi namna ya kuitumia. Na hata kabla ya hayo, pigeni simu Dar leo, mmuulize shemeji yenu anahitaji nini wiki hii. Umeandika kwamba humlaumu dada yako. Amekusikia ukilisema hilo?

Nyumba yenyewe inaweza kula na kuwalisha. Kama vyumba vya chini vinatazama njia, vinaweza kuwa duka. Wako wanaokodi nyumba nzima kwa miaka kadhaa kwa makubaliano kwamba wataikarabati kwa gharama yao, kwa chokaa na boriti na chini ya macho ya Mamlaka, kisha gharama hiyo ikatwe katika kodi. Mkataba wa namna hiyo uandikwe na mwanasheria, useme nani analipa nini, shangazi atakaa wapi, na nyumba irudi kwa warithi ikiwa na vitu gani. Kodi igawiwe kwa mafungu yale yale. Hapo kaka yako wa Muscat atapata chake kila mwaka bila kungoja mtu afe au ukuta uanguke.

Na ikiwa baada ya yote hayo wengi wataamua kuuza, uza. Nalisema hili kwa moyo mzito, lakini nalisema. Muuzieni mtu anayeitaka nyumba, anayepanda ngazi akauliza boriti zimewekwa lini, na mumpe nyumba nzima pamoja na mlango wake. Mlango hauuzwi peke yake. Milango ya nakshi iliyobaki Mji Mkongwe inahesabiwa kwa mamia tu, zaidi ya 500, na kila unaong'olewa huacha tundu ambalo hakuna seremala wa kuliziba kwa kazi ya namna ile. Mnunuzi akianza kuulizia mlango kabla ya kuulizia paa, fungeni mazungumzo.

Lipo moja ambalo sitaki ulichukulie wepesi. Ukuta uliofura ni hatari. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, na lilikuwa katikati ya ukarabati tarehe 25 Disemba 2020 upande wake wa mbele ulipoporomoka pamoja na mnara wa saa. Mafundi wawili walifariki. Siku ile watu wa Unguja walisimama Forodhani wakilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kama jumba lile lenye serikali na wafadhili nyuma yake liliweza kuanguka, nyumba yenye mwalimu na bibi kizee isicheze na bahati. Mwombe mhandisi wa Mamlaka aje autazame ukuta. Akisema mhame, mhame siku hiyo hiyo, hata kwa jirani, mpaka miega isimame. Piga picha kila chumba, kila ufa, kila boriti unayoiona, na uandike tarehe. Picha hizo utazihitaji kwa fundi, na utazihitaji zaidi siku mtu atakapodai kwamba nyumba ilikuwa imeshajifia.

Sasa lile neno la kaka yako, kwamba unapenda mawe kuliko watu. Nimelifikiri sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipokuwa ukiandaliwa mpango wa kuuhifadhi mji, majengo yake yalihesabiwa yakafika kama 1,700, na kiasi cha robo tatu yalikuwa yamechakaa. Majumba ya kifalme katika hesabu ile ni ya kuhesabika kwa vidole. Yaliyobaki yote ni nyumba kama yenu, za wafanyabiashara wadogo, mafundi, makarani, wajane. Mji ule ni nyumba zilizoegemeana. Ukiing'oa moja, ukuta wa jirani uliokuwa umejificha miaka mia na hamsini unaachwa wazi kwa mvua, na boriti zake zinaanza safari ile niliyokueleza. Kuna baraza mbele ya mlango wenu, sina shaka, na kuna wazee wanaokaa hapo baada ya alasiri. Wao ni watu. Jirani ni mtu. Shangazi yako, aliyelala katika chumba kile pengine tangu alipokuwa mwali, ni mtu. Kaka yako amekasirika, na nadhani kilicho chini ya hasira yake ni aibu ya kuwa mbali kwa miaka mingi bila kuleta kitu nyumbani. Usimjibu kwenye kundi. Mpigie yeye peke yake, jioni, akiwa ametoka kazini, umuulize anakumbuka nini cha nyumba ile. Mwache azungumze mpaka amalize. Kisha umwambie kuhusu mafungu 21.

Lakini kabla ya kumpigia yeye, kuna mtu wa kuanza naye. Umeombwa umfiche shangazi yako. Mimi nakuomba umwambie leo usiku. Ana miaka themanini na zaidi, anaziona ndoo, anaisikia sauti yako ikipungua kila simu inapolia. Ameshajua kuna jambo. Mpelekee chai, kaa naye kitandani, mwambie yote, pamoja na ya mnunuzi na ya shemeji yako. Asiposema kitu, usimharakishe.

Halafu muulize babu alikuwa akiweka wapi karatasi zake. Wanawake wa umri ule ndio waliokabidhiwa funguo. Sitashangaa akikuonesha sanduku lililo chini ya kitanda hicho hicho mlichokalia, na sitashangaa kama hilo sanduku limelowa upande mmoja. Livute kutoka hapo usiku huo huo, uzianike karatasi moja moja mahali pasipo na upepo mkali, usizitenganishe kwa nguvu zilizogandana, na asubuhi ndipo uende kumtafuta fundi wa mabati.